Mzigo na Furushi: Nani Abebe Hasara ya Nyumba ya Bondeni?

Mwenye nyumba iliyo kwenye mwinuko akienda kukata bima, mazungumzo hayachukui muda mrefu. Ataulizwa nyumba ina thamani gani, imejengwa kwa nini, imeezekwa kwa nini, kisha atatajiwa ada na kupewa hati yake. Lakini mwenye nyumba ya bondeni akiingia katika ofisi hiyo hiyo, hupata moja ya majibu matatu. Ama ataambiwa kwamba nyumba yake haikubaliki. Ama itakubaliwa kwa moto na wizi, lakini mafuriko yataondolewa katika hati. Ama mafuriko yatakubaliwa, ila kwa ada kubwa mno, na kwa sharti kwamba sehemu ya kwanza ya hasara, nayo si ndogo, ataibeba mwenyewe.

Mtu huyo hutoka pale na uchungu. Jambo analoliogopa kuliko yote ndilo ambalo hawataki kumkinga nalo. Tena yako mengine yanayofuata. Benki nyingi hazikubali nyumba kuwa dhamana ya mkopo kama haina bima, kwa hiyo asiyepata bima anaweza kukosa pia fedha za kujenga msingi imara zaidi. Basi swali hili linatuhusu: je, kampuni inayomkataa mtu wa bondeni inatenda dhambi? Na sisi tunaokaa juu, je, ni haki tuchangie hasara ya aliyejenga mahali ambapo maji hupita?

Kabla ya kujibu, tuondoe kwanza wazo moja ambalo bado linasikika baada ya ibada, kwamba kukata bima ni kukosa imani. Yusufu aliweka akiba sehemu ya tano ya mazao ya Misri kwa miaka saba kwa sababu Mungu alimwonyesha njaa inayokuja, wala hakuna anayesema kwamba alikosa imani. Kujiandaa kwa hatari inayojulikana ni uwakili mwema. Suala hilo tusikae nalo zaidi.

Suala gumu ni jinsi bima yenyewe inavyofanya kazi. Tuchukue mfano, na hesabu hizi ni za mfano tu. Watu 1,000 wana nyumba za shilingi milioni 40 kila moja, na kila mwaka nyumba mbili huteketea kwa moto. Hasara ni milioni 80. Kila mmoja akitoa shilingi 80,000 kwa mwaka, wale wawili watajengewa upya, na wale 998 wamelala salama. Haba na haba hujaza kibaba. Hapo hakuna anayeonewa, kwa kuwa hakuna ajuaye ni nyumba ya nani itakayoungua mwaka huu.

Sasa tuseme kwamba nyumba 100 kati ya hizo ziko bondeni, na kwamba kila baada ya miaka mitano maji huingia katika nyumba zote mia na kuharibu mali ya milioni 10 katika kila moja. Hasara ni milioni 1,000 kwa siku moja. Watu wa bondeni wakitaka kujilipia wenyewe, kila mmoja atatoa milioni mbili kila mwaka, na katika miaka 20 atakuwa amelipa bei ya nyumba nzima. Hawawezi. Wakiingizwa katika chungu kimoja na wale 900 wa juu, kila mtu ataongeza shilingi 200,000 kwa mwaka. Ada ya mtu wa juu itapanda kutoka 80,000 hadi 280,000. Naye atafanya nini? Atahamia kampuni nyingine isiyochukua watu wa bondeni, na chungu kitabaki na watu wa bondeni peke yao.

Tena kuna tofauti nyingine. Moto huunguza nyumba moja na kuacha ya jirani. Mafuriko hayachagui, huingia kwa wote usiku mmoja. Kwa sababu hiyo kampuni moja haiwezi kubeba bonde zima, na hulazimika kukata bima yake yenyewe kwa makampuni makubwa zaidi, mengi yao ya nchi za nje. Hiyo ndiyo inayoitwa bima mtawanyo, kwa maana hasara hutawanywa mbali ili isimwangukie mtu mmoja. Hao nao huuliza swali lile lile: bonde hili hufurika mara ngapi?

Kwa hiyo tusiharakishe kumwita wakala wa bima mwovu. Ada anayoitaja, hata kama inauma, mara nyingi ni habari ya kweli juu ya mahali ulipojenga. Anakuambia kwa lugha ya shilingi jambo ambalo aliyekuuzia kiwanja hakukuambia kwa lugha yoyote.

Lakini ukweli huo haumalizi maneno. Mtume Paulo, katika sura ya sita ya Waraka kwa Wagalatia, anatuagiza kusaidiana kubeba mizigo, na hapo ndipo sheria ya Kristo hutimizwa. Mistari mitatu tu baadaye anasema kwamba kila mtu atachukua mzigo wake mwenyewe. Je, Mtume amejipinga? La. Katika Kiyunani ametumia maneno mawili mbalimbali, na wafasiri wa Biblia yetu ya Kiswahili walifanya vema kutofautisha: pa kwanza waliandika mizigo, pa pili wakaandika furushi. Mzigo ni ule unaomlemea mtu hata aanguke njiani asiposaidiwa. Furushi ni lile la safari, ambalo kila msafiri hujifungia mwenyewe na kulibeba mwenyewe.

Swali letu basi ni hili: hasara ya nyumba ya bondeni ni mzigo au ni furushi?

Wahenga wetu nao walisema pande zote mbili. Walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, yaani mkaidi abebe furushi lake. Lakini walisema pia mchuma janga hula na wa kwao. Janga halimli aliyelichuma peke yake. Baba akijenga mkondoni kwa ukaidi, watoto waliolala chini ya dari ile hawakuulizwa.

Tena watu wa bondeni si wa namna moja. Yuko aliyeona alama za maji ukutani mwa jirani, akaonywa na wazee wa mahali, akanunua kwa sababu ya bei rahisi na kujenga ghorofa. Yuko mpangaji au mwenye kibanda aliyekaa pale kwa sababu kazi yake iko sokoni na hana nauli ya kutoka mbali kila siku. Na yuko wa tatu, ambaye mara nyingi tunamsahau: aliyejenga wakati maji yalikuwa hayafiki, kisha maji yakamfuata.

Huyu wa tatu tumtazame vizuri, maana hapa Dar es Salaam tunamjua. Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, hupita katikati ya jiji, kisha huingia baharini karibu na Daraja la Selander. Kila paa linalojengwa huko juu, kila ua unaomwagwa zege, kila barabara ya lami isiyo na mfereji wa kutosha, huzuia maji yasizame ardhini na kuyaharakisha kwenda chini. Kila mfuko wa taka unaotupwa katika mtaro wakati mvua inanyesha huenda ukaziba daraja la mtu mwingine. Mwenye nyumba ya juu husema, "Mimi sina hatari ya mafuriko." Ni kweli hana, amempelekea jirani yake. Basi hatari ya bondeni si mali ya bondeni peke yake. Sehemu yake ilitoka uani kwetu.

Bwana wetu alipoulizwa juu ya watu wafao kwa maafa, alikumbusha wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kabisa kwamba wao walikuwa wakosaji kuliko wenyeji wengine wa Yerusalemu. Tunapenda sana mfano wa yule aliyejenga juu ya mchanga, na tunausoma kama kwamba unamhusu mtu wa bondeni tu. Lakini Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, inamwagiza ajengaye nyumba mpya aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Yaani mwenye nyumba anaulizwa juu ya usalama wake, na anaulizwa pia juu ya hatari ambayo nyumba yake inawaletea wengine.

Mnamo Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha katika jiji hili, na zaidi ya watu 40 walikufa. Serikali iliwapa wengi wa waliopoteza nyumba zao viwanja Mabwepande. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 ilikuwa tayari inakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na mwishoni mwa 2015 nyumba kadhaa za bonde la Msimbazi zilibomolewa. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilikubali kutoa dola milioni 200 kwa mpango wa kulitengeneza bonde hilo. Mambo hayo yote yana mafundisho, lakini hakuna hata moja lililoweza kufanywa na hati ya bima. Bima hurudisha thamani ya kitu kilichoharibika, lakini haizuii maji wala haimwonyeshi mtu pa kwenda.

Nchi zenye mali zimejaribu kulijibu swali letu, na inafaa tujifunze kwao. Huko Uingereza, mwezi Aprili 2016, ulianza mfuko unaoitwa Flood Re. Kila kampuni inayouza bima ya nyumba hutoa mchango katika mfuko huo, ambao kwa miaka ya kwanza ulikuwa pauni milioni 180 kwa mwaka kwa makampuni yote. Kwa njia hiyo wenye nyumba za mahali pakavu huwasaidia wa mahali penye maji, na kampuni inayompokea mtu wa bondeni huweza kuikabidhi hatari ya mafuriko kwa mfuko. Lakini waliotunga mpango waliweka mipaka miwili. Kwanza, nyumba zilizojengwa tangu tarehe 1 Januari 2009 hazimo, ili mtu asijenge leo mkondoni akitegemea fedha za wenzake. Pili, mfuko umepangwa kumalizika mwaka 2039, ili muda huo utumike kujenga kuta za kuzuia maji na kuzifanya nyumba ziweze kustahimili. Ni huruma, lakini ni huruma yenye tarehe.

Marekani walianza mapema zaidi. Mwaka 1968 serikali yao iliunda bima ya mafuriko ya taifa, kwa kuwa makampuni yalikuwa yamekimbia hatari hiyo. Kwa miaka mingi watu wengi walitozwa chini ya hatari yao ya kweli. Ziko nyumba zilizofurika, zikalipwa, zikajengwa palepale, zikafurika tena na kulipwa tena. Baada ya tufani za mwaka 2017 deni la bima hiyo lilikuwa kubwa kiasi kwamba Bunge lao lilifuta dola bilioni 16, na bado zaidi ya bilioni 20 zilibaki. Kuanzia Oktoba 2021 walianza kutoza kwa kufuata hatari ya kila nyumba, na wengi wenye kipato kidogo wakalalamika kwamba ada inawashinda. Huruma iliyokuwa imefichwa ndani ya ada ilipoondolewa, ukweli ukawajia kwa ghafla.

Hapo ndipo naona jibu letu. Huruma haina haja ya kusema uongo. Kumwambia mtu wa bondeni kwamba hatari yake ni ndogo, kwa kumpa ada ndogo isiyo na maelezo, ni kumpa usingizi mtamu juu ya mkondo wa maji. Lakini kumwambia ukweli wa hatari yake na kumwacha hapo ni kufanya kama kuhani na Mlawi, waliomwona yule mtu njiani wakapita kando. Walikuwa wamemwona vizuri. Kosa lao lilikuwa katika miguu.

Tumtazame Msamaria. Alimfikisha majeruhi katika nyumba ya wageni. Hakumwambia mwenye nyumba, "Wewe ni mtu wa huruma, basi mlaze bure." Alitoa dinari mbili mfukoni mwake, akaahidi kwamba gharama itakayozidi atailipa akirudi. Mwenye nyumba ya wageni alipata haki yake, na majeruhi alipata huruma, na aliyeilipia huruma alijulikana. Hivyo ndivyo ilivyo hata sasa. Tunaotaka mtu wa bondeni akingwe, tusiidai kampuni ijifanye haioni maji. Tuulize ni nani atakayetoa dinari mbili: serikali kwa kodi zetu, wenye bima kwa mchango ulio wazi, au Kanisa kwa sadaka zetu.

Na dinari hizo zitolewe kwa kipimo gani? Nasema hivi. Kumwokoa mtu na maji, kumpa chakula, nguo, dawa na pa kulala, ni mzigo wetu sote, wala hatuna ruhusa ya kuuliza kwanza kama alikuwa mkaidi. Yakobo ametuonya juu ya kumtakia mwenye njaa amani huku mikono yetu ikiwa mifukoni. Lakini kumjengea mtu tena palepale, aliyejua na aliyekuwa na uwezo wa kwenda kwingine, hilo ni furushi lake. Na yule asiye na uwezo wa kuhama, mzigo wetu si kumlipia kila mafuriko mpaka afe, bali kumsaidia apate pa kuhamia palipo karibu na riziki yake. Kumwambia ahame bila kuuliza atakula nini huko ni nusu ya msaada.

Baada ya hayo, yako mambo ambayo kila mmoja wetu anaweza kuyafanya kabla ya mvua.

Anayenunua kiwanja aende kukitazama wakati wa masika, si wakati wa kiangazi. Awaulize wazee wa mahali na ofisi za ardhi za manispaa. Anayeuza kiwanja ambacho anajua hufurika, akanyamaza, ajue kwamba ukimya wake ni ushuhuda wa uongo.

Mwenye hati ya bima aisome, au aombe asomewe. Hati nyingi ni za moto, na mafuriko ni nyongeza inayoombwa na kulipiwa. Uliza kwa maneno wazi: mafuriko yamo? Sehemu ya kwanza nitakayobeba mwenyewe ni kiasi gani? Usiandike thamani ndogo ili ulipe ada ndogo. Nyumba ya milioni 40 ukiiandika milioni 20, ikipata hasara ya milioni 10 kampuni yaweza kukulipa milioni tano tu. Tena usifiche kwamba maji yaliwahi kuingia. Bima husimama juu ya uaminifu, na aliyeficha jambo kubwa anaweza kukosa fidia yote siku anapoihitaji.

Tunaokaa juu tusafishe mitaro kabla ya mvua, tuache sehemu ya ua iwe ardhi na majani, na tusiyape maji taka zetu yatuchukulie. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na safari hii ukuta utakaoanguka ni wa mtu mwingine.

Mwisho ni jambo la parishi yenyewe. Vikundi vingi vya kuweka na kukopa vimejaribu kuwa na mfuko wa maafa, na ni kazi njema. Lakini kikundi ambacho wanachama wake wote ni wa bondeni kitashindwa kwa sababu ile ile inayoishinda kampuni: siku ya mafuriko wote wanaomba na hakuna wa kuchangia. Mfuko wa namna hiyo husimama ukiwa na watu ambao maji hayawafikii. Je, ni chama gani katika mji huu ambacho mwenye nyumba ya juu na mpangaji wa bondeni ni wanachama sawasawa, wakipiga magoti mbele ya meza moja? Ni Kanisa. Na kama parishi nzima ikifurika, iko dayosisi, na kama dayosisi ikilemewa, ziko nyingine. Ule mtawanyo wa mzigo ambao makampuni huununua kwa fedha nyingi kutoka nchi za mbali, sisi tumepewa bure katika ubatizo.

Wakristo wa Antiokia waliposikia kutoka kwa nabii Agabo kwamba njaa inakuja, hawakungoja mpaka wenzao wa Uyahudi wazirai. Kila mmoja alitoa kadiri ya uwezo wake, wakaipeleka kwa mikono ya Barnaba na Sauli. Sisi hatuhitaji nabii wa kutuambia kwamba masika yatakuja. Halmashauri ya parishi na ifungue mfuko wa maafa sasa, wakati mitaro bado ni mikavu, wenye nyumba za juu wakiwa wa kwanza kuandika majina yao.